Wameingia Lini? Nyuki Katika Mapaa ya Tunduma

Nyuki wakiingia kwenye paa la nyumba, majirani huanza kwa kutafuta silaha. Mmoja anataja mafuta ya taa, mwingine petroli, wa tatu anakumbuka kwamba ana dawa ya mahindi iliyobaki msimu uliopita na pampu ya mgongoni ya kuipulizia. Kijana mmoja anajitolea kupanda. Watoto wanafukuzwa uani, mama mwenye nyumba anaanza kutoa vyombo nje kana kwamba nyumba inaungua. Mrina asali mzoefu akifika katikati ya hekaheka hiyo hagusi kitu. Anaangalia tundu wanamopita, anasikiliza, kisha anauliza: wameingia lini?

Swali hilo ndilo ninalotaka kulitetea hapa. Nyuki waliofika jana na nyuki waliokaa tangu mwaka juzi ni mambo mawili tofauti kabisa, hata kama wanaingilia kitundu kile kile. Njia ya kuwaondoa, muda wa kazi, gharama, hatari kwa watoto na nafasi ya kundi kupona, vyote vinafuata tarehe ya kuingia. Wenye nyumba wengi hawaijui tarehe hiyo, au waliijua wakapuuza, na kwa hiyo kazi ya saa moja inakuwa kazi ya usiku mzima. Baadaye, uvumilivu ukiisha, mtu anawasha moto.

Kwa nini Tunduma? Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na makao yake makuu yako Vwawa, wilayani Mbozi, lakini kitovu cha biashara ni Tunduma, mpakani, uso kwa uso na Nakonde ya Zambia. Barabara kuu ya kwenda Zambia na reli ya TAZARA zinapita hapo. Mji umetanuka haraka kuliko mipango yake: Sogea, Majengo, Mpemba, kila upande nyumba za tofali na bati zimesogelea yaliyokuwa mashamba na vichaka. Ukitoka mjini kuelekea Momba, au ukivuka hadi wilaya ya Songwe na bonde la Ziwa Rukwa, unaingia kwenye misitu ya miombo, na miombo ni nchi ya nyuki. Mbozi kuna kahawa, na kahawa ikichanua baada ya mvua za kwanza, nyuki hawakosekani.

Kundi la nyuki linalotafuta makazi linataka uwazi mkavu, wenye giza, ulioinuka kutoka ardhini na wenye mlango mdogo unaolindika. Tangu zamani uwazi huo ulikuwa pango la mti mzee. Mti mzee ukikatwa kwa ajili ya mkaa au shamba, pango linaondoka nao, lakini nyuki hawaondoki. Wanakuta nyumba. Kati ya bati na silingibodi kuna pango refu kuliko la mti wowote. Kona ya fishabodi iliyoachia ni mlango tayari. Kuna tofali la saruji lenye uwazi, sanduku la mita, tangi lililoachwa tupu, spika mbovu iliyosahauliwa stoo. Tundu la milimita sita linamtosha nyuki kupita.

Tena nyuki wetu hawachagui sana. Huyu wa nyanda za miombo, ambaye wataalamu humwita Apis mellifera scutellata, hukubali uwazi mdogo ambao nyuki wa Ulaya angeukataa. Hugawanyika mara nyingi kwa mwaka, na chakula kikipungua huhama kundi zima, likaacha masega matupu nyuma. Sehemu kubwa ya miti ya miombo huchanua kabla ya mvua, kati ya Septemba na Novemba, na mvua ya Songwe ni moja tu, kuanzia Novemba hadi Aprili. Maua yanapozidi na yanapopungua, nyuki wako safarini, na mji uko njiani.

Tuanze na saa za kwanza. Kundi likijaa mzinga, malkia mzee hutoka na nusu ya nyuki au zaidi, wote wakiwa wameshiba asali ya safari. Wanatua kwenye tawi la mwembe, ukutani, au kwenye kioo cha pembeni cha lori lililo foleni, wakashikana miguu hadi wakawa fungu moja la kahawia linaloning'inia. Mtu asiyejua anaona jeshi, kumbe ni abiria wamekaa kituoni. Hawana sega, hawana majana, yaani watoto wa kulea, hawana asali ya kulinda isipokuwa ile iliyo tumboni, na huo ndio wakati wao wa upole kuliko wote. Upole huo una mpaka. Kundi lililoning'inia siku kadhaa limeanza kuona njaa, na nyuki wenye njaa hawana subira.

Wakati fungu limetulia, nyuki wachache wazoefu wanazunguka mji kutafuta nyumba. Mwanasayansi wa Kijerumani Martin Lindauer aliligundua jambo hili mjini Munich mwaka 1949, mji ukiwa bado magofu ya vita. Aliona juu ya kundi lililotua nyuki wanaocheza ngoma yao ya kuelekeza njia, na nyuki hao walikuwa wachafu: wengine wana masizi, wengine vumbi jekundu la matofali, wengine weupe kama wametoka kwenye unga. Ndipo alipoelewa kwamba hawatoki kwenye maua. Walitoka kukagua mabomba ya moshi na kuta zilizobomoka, wakarudi kuwaeleza wenzao walichokiona. Kila mpelelezi hucheza kwa ajili ya mahali alipopaona, na mahali bora hupata wachezaji wengi zaidi hadi kundi zima linakubaliana. Nikiona nyuki wawili watatu wakiingia na kutoka kwenye upenyo wa paa huku wakinusanusa, hawajabeba chochote miguuni, ninajua nyumba hiyo inakaguliwa. Tundu likizibwa saa hiyo kwa saruji au wavu mzito, tatizo limekwisha kabla halijaanza. Hakuna hatua nyingine katika suala hili lote iliyo rahisi kama hiyo, na karibu hakuna mtu anayeichukua.

Kundi lililotua likiachwa, kwa kawaida huondoka lenyewe baada ya saa chache au siku mbili tatu. Mwenye nyumba anachotakiwa kufanya ni kuwaweka watoto mbali, kufungua mbwa na mbuzi waliofungwa kamba, na kutorusha jiwe. Mrina naye akifika jioni anaweza kulichukua lote. Analeta mzinga mtupu uliopakwa nta na kusuguliwa majani ya mchaichai, ambayo harufu yake inafanana na ile nyuki wanayoitoa kuwaita wenzao. Anauweka chini ya fungu, anatikisa tawi mara moja kwa nguvu, na fungu linaanguka ndani kwa sauti ya kishindo laini, kama gunia dogo la mtama. Kisha anasubiri. Malkia akiwa ndani, nyuki wa mlangoni huinua mikia na kupepea mabawa, na waliobaki hewani wanaanza kushuka na kuingia kwa mstari. Wakiandamana kurudi mtini, malkia amebaki huko na kazi inarudiwa. Giza likitanda mlango unafunikwa kitambaa, na safari inaanza.

Kwenye malori nasisitiza jambo moja. Tunduma hulaza malori ya mafuta yaendayo Zambia na Kongo. Nyuki wakitua kwenye lori, au kwenye ukuta ulio jirani na maegesho, anayewaendea na kitambaa kilicholoweshwa petroli na kiberiti hachezi na nyuki tena. Wangeondoka wenyewe kesho asubuhi.

Na kuna wale wanaosema kundi lililotua uani limetumwa. Sitawacheka. Katika jamii zetu habari za nyuki waliomfuata mwizi, au waliotua kwenye kitu cha wizi, zinasimuliwa tangu zamani na bado zinasimuliwa. Lakini imani hiyo ina gharama ya vitendo. Familia inayoamini imerogwa hutumia siku tatu kutafuta aliyetuma, na siku hizo tatu ndizo ambazo mrina angemaliza kazi kwa saa moja. Zaidi ya hapo, jirani anaweza kutajwa jina, na jina likishatajwa halirudi mdomoni. Nyuki walitua hapo kwa sababu malkia alichoka, na hapo ndipo palipokuwa na kivuli.

Kundi likishaingia ndani ya paa, saa inaanza kuhesabu kwa namna nyingine. Siku za mwanzo wanajenga tu: masega meupe, mepesi, matupu. Malkia anaanza kutaga mara vyumba vinapopatikana. Yai huanguliwa siku ya tatu, na nyuki kibarua huchukua takriban majuma matatu tangu yai hadi kutoka kwenye chumba chake. Kwa hiyo katika majuma hayo kundi halijaongezeka hata nyuki mmoja. Linapungua, kwa kuwa wazee wanakufa. Asali ni kidogo, majana ni machache, cha kulinda hakijawa kingi. Tabia ya kuhama ambayo wafugaji wetu huilalamikia inakuwa msaada hapa: ukiwafukizia moshi mwingi jioni mbili tatu na kuwafungulia mwanga penye giza, mara nyingi wanaamua kwamba mahali hapa hapafai. Wakitoka, masega yakwanguliwe siku hiyo hiyo na tundu lizibwe. Harufu ya nta ikibaki, kundi lijalo litaifuata.

Miezi ikipita, hali ni nyingine kabisa. Mrina sasa anakuja kuhamisha mji mzima.

Anafika jua likiwa bado juu, ili aione nyumba. Anagongagonga silingibodi kwa kifundo cha kidole na kusikiliza mahali ambapo sauti inajibu kwa mvumo, na hapo anaweka alama ya chaki. Kuku wanafungiwa, mbuzi wanapelekwa mbali, majirani wa pande zote wanaambiwa wafunge madirisha. Kazi yenyewe inasubiri machweo. Wakati huo vibarua wote wamerudi nyumbani, na nyuki gizani haruki vizuri, hutambaa. Tochi inafunikwa nailoni nyekundu, maana jicho la nyuki halioni wekundu. Kwake huo ni weusi. Bomba la moshi linajazwa magunzi au kinyesi kikavu cha ng'ombe, na moshi unaotakiwa ni ule mzito na wa baridi, usio na cheche. Nyuki akichoma hutoa harufu inayofanana na ya ndizi mbivu, na harufu hiyo ndiyo inayowaita wenzake wachome pale pale. Moshi unaifunika. Pia unawafanya wakimbilie kunywa asali, kama wafanyavyo wakihisi moto msituni.

Silingibodi inafunguliwa kuanzia pembeni, misumari ikitolewa mmoja mmoja, bila nyundo. Masega yananing'inia kutoka kwenye kenchi, yamepangana kama vitabu rafuni, na kati ya sega na sega ni nafasi ya nyuki wawili kupishana mgongo kwa mgongo. Ya pembeni ni ya asali. Yanakatwa kwanza na kuwekwa kwenye ndoo yenye mfuniko, kwani asali inayochuruzika huwachanganya nyuki na kuwazamisha. Ya katikati ni ya majana: vyumba vilivyofunikwa vifuniko vya rangi ya kahawia, na kando yake mayai madogo mno yaliyosimama chini ya vyumba kama vipande vya uzi mweupe. Haya hukatwa kwa kisu kirefu huku kiganja kikiyashika kwa chini, yakafungwa kwenye viunzi vya mzinga kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, kila moja likitazama juu kulekule lilikotazama darini. Kiunzi kinachofaa nyuki wetu kina upana wa milimita 32. Kikizidi, watajenga upande. Katika kazi yote macho ya mrina yanamtafuta malkia, mwenye tumbo refu na mabawa yanayoonekana mafupi. Mara nyingi hamwoni. Anachota nyuki kwa mafungu na kuwamimina mzingani hadi alama ile ile ya mikia juu ijitokeze mlangoni.

Mzinga unaachwa hapo hapo juu usiku huo na mchana unaofuata, ili waliosalia waingie, na usiku wa pili unahamishwa kilomita 3 au zaidi. Ukiwekwa karibu, vibarua watarudi kwenye paa wanalolikumbuka. Kabla ya silingibodi kurudishwa, nta inakwanguliwa yote, mbao zinasuguliwa kwa maji ya sabuni na uwazi unazibwa kwa wavu wa chuma. Mwenye nyumba akiruka hatua hii ya mwisho ili kuokoa fedha, asishangae mwakani.

Wakati mwingine ukuta ni wa zege na hauwezi kuvunjwa. Hapo mlango wa nyuki unawekewa koni ya wavu yenye ncha nyembamba: wanatoka kwenda malishoni lakini hawajui kurudi ndani. Kando yake unaning'inizwa mzinga wenye sega la majana, nao wanaingia humo kwa kukosa pengine. Njia hii inachukua majuma manne hadi sita, inahitaji kukaguliwa mara kwa mara, na malkia huenda asitoke kabisa. Ni njia ya subira, na ni ghali kwa anayetaka matokeo leo.

Sasa turudi kwenye pampu ya dawa, kwa sababu wengi wataniambia: yote haya ya nini, wakati dawa inamaliza kazi kwa dakika kumi? Haimalizi. Inaua nyuki na kuacha nyumba yao. Juu ya silingibodi kunabaki kilo za nyuki waliokufa, majana yanayooza, na asali isiyo na mlinzi. Nyuki wakiwa hai hupoza masega kwa kupepea na kwa maji. Wakifa, joto la bati la saa nane mchana linalainisha nta, masega yanaanguka, na asali inapita kwenye silingibodi ikiacha doa jeusi juu ya kitanda. Siafu wanakuja, nondo wa nta wanakuja, panya wanakuja. Nyuki wa makundi mengine wanakuja kuiba asali hiyo yenye sumu na kuipeleka kwenye mizinga ya watu ambao hawakuulizwa. Baada ya miezi michache harufu ya nta inaita kundi jipya, nanyi mnarudi mwanzo mkiwa na dari iliyooza. Asali ya paa lililopuliziwa dawa isiliwe na mtu yeyote, hata kidogo, hata kama inaonekana safi.

Moto ni mbaya zaidi, na sioni haja ya kueleza kwa nini mwenge chini ya mbao kavu na bati si ufumbuzi.

Kuna upande wa pili ambao ni lazima niuseme kwa uzito ule ule. Huruma kwa nyuki haina maana ya kuwachukulia kwa wepesi. Siku hizi kila kijana mwenye simu ameona video za Marekani na Ulaya ambapo mtu anachota nyuki kwa mikono mitupu, huku anatabasamu. Nyuki wa Ulaya wamechaguliwa kwa upole kwa vizazi vingi. Wa kwetu wamechaguliwa na nyegere, siafu, moto na mwanadamu, kwa hiyo waliobaki ni wale waliojua kulinda. Mwaka 1956 Mbrazili Warwick Kerr aliwachukua malkia wa nyuki wa Afrika, kutoka Afrika Kusini na Tanganyika, akawapeleka Brazil kwa utafiti. Mwaka uliofuata makundi 26 yakatoroka. Uzao wao ulienea Amerika ya Kusini na ya Kati, ukaingia Texas mwaka 1990, na magazeti ya huko yakawaita nyuki wauaji.

Jambo la kujifunza ni kile Wabrazili walichofanya baada ya hofu ya mwanzo. Hawakuweza kuwamaliza. Wakabadili kazi: mizinga ikahamishwa mbali na nyumba, bomba la moshi likawa kubwa, mavazi ya kinga yakawa ya mwili mzima, na kaskazini mashariki mwa Brazil, penye ukame, nyuki hao hao wakawa chanzo cha asali ya kuuza nje. Hawa ni ndugu wa nyuki walio kwenye paa la Sogea. Wengine wamejifunza kuishi nao ugenini, sisi tulio kwao hatuna udhuru.

Kwa hiyo sheria za kazi hii Songwe haziwezi kunakiliwa kutoka kwenye video. Usiku, moshi, mavazi kamili, watu wawili angalau, na njia ya kukimbilia iliyo wazi. Asiye na hivyo asipande. Na ikiwa nyuki tayari wanashambulia mtu aliyeanguka, mtoto au mgonjwa asiyeweza kukimbia, maisha ya mtu yanatangulia bila mjadala: maji yenye sabuni nyingi yakimwagwa juu yao huwaua haraka, na hapo ni halali kuwaua. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, na ipigwe mapema.

Aliyechomwa akimbie hadi ndani ya nyumba au gari na kufunga, akifunika uso, asipige mikono hewani. Asijitose majini, kwa sababu watamsubiri. Mwiba hubaki kwenye ngozi pamoja na kifuko cha sumu kinachoendelea kusukuma, kwa hiyo utolewe katika sekunde za kwanza, kwa kucha au chochote, bila kubishana juu ya namna. Midomo ikivimba, pumzi ikikwama, kizunguzungu kikija, huyo apelekwe hospitali mara moja hata kama amechomwa na nyuki mmoja, maana anahitaji adrenalini. Aliyechomwa mara nyingi sana naye aende hata kama anajisikia vizuri, kwani figo huathirika baadaye. Makadirio yanayotumika ni kwamba machomo takriban 20 kwa kila kilo ya uzito yanaweza kuua mtu asiye na mzio. Mtoto wa kilo 15 hafiki mbali.

Tukijua hatari hiyo, kwa nini tuwahamishe badala ya kuwaua? Kwanza kwa sababu, kama nilivyoonyesha, kuua kunagharimu nyumba zaidi. Pili kwa sababu ya shamba. Utafiti uliofanywa kwenye kahawa ya Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba maua yaliyotembelewa na wachavushaji yalizaa kahawa nzito zaidi kwa takriban asilimia 7. Mkulima wa Mbozi anaweza kufanya hesabu yake mwenyewe. Alizeti na parachichi zinawahitaji nyuki zaidi ya kahawa. Tatu kwa sababu ya asali: takwimu ambazo serikali imezirudia kwa miaka mingi zinasema nchi ina uwezo wa tani 138,000 za asali na tani 9,200 za nta kwa mwaka, na tunavuna sehemu ndogo tu ya hizo. Mizengo Pinda alipokuwa Waziri Mkuu, kuanzia 2008 hadi 2015, alilisema jambo hili kila alipopata jukwaa. Kundi lililo darini ni mbegu ya mzinga ambayo mfugaji angeisubiri msimu mzima.

Sikubali hata hivyo kwamba kila kundi linaokolewa. Nyuki wetu wakihamishwa vibaya hutoroka mzinga baada ya siku chache. Wanaobaki ni wale waliohamishwa pamoja na majana yao, kwa sababu ndiyo yanayowafunga. Mrina anayekuja kwa ajili ya asali tu, akaacha majana yamwagike chini, ameua kundi kwa njia ndefu, na tusimwite mwokozi.

Tatizo kubwa la Tunduma, kwa maoni yangu, ni kwamba mwenye nyumba hajui ampigie nani. Ujuzi upo. Momba na wilaya ya Songwe zina watu wanaorina tangu utotoni, wanaojua kusoma mti kwa sauti. Nchi ina Sera ya Taifa ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 1998 na Sheria ya Ufugaji Nyuki Na. 15 ya mwaka 2002, ina Wakala wa Huduma za Misitu, ina Chuo cha Ufugaji Nyuki Tabora. Kinachokosekana ni karatasi moja ubaoni kwenye ofisi ya mtaa, yenye majina ya warina waliokaguliwa vifaa vyao, namba zao za simu, na bei iliyokubaliwa. Uingereza chama cha wafugaji nyuki huorodhesha wanachama wanaochukua makundi yaliyotua, na mwananchi humpata wa karibu naye. Halmashauri ya Mji wa Tunduma inaweza kuwa na orodha kama hiyo, hata ikianza na watu watano.

Orodha hiyo ingekuwa na faida nyingine. Mrina wa msituni na mwenye nyumba wa mjini hawajuani, na kila mmoja ana kitu mwenzake anachokihitaji. Mmoja anasafiri mbali kutega mizinga inayokaa mitupu hadi msimu upite. Mwingine ana kundi zima asilolitaka. Bei ya haki ipatikane katikati yao: mwenye nyumba alipie kazi na usafiri, mrina abaki na nyuki, na asali igawanywe kwa makubaliano ya kabla ya ngazi kusimamishwa. Makubaliano ya baada ya asali kuonekana huzaa ugomvi.

Kwa wewe uliye na nyumba, kabla ya Septemba zunguka paa lako mara moja kwa siku ya jua. Angalia fishabodi, pembe za bati, matundu ya nyaya, sanduku la mita. Ziba. Na ukisikia mvumo darini leo, usipande na usitume mtoto kuchungulia. Simama mbali, tazama wanapopita, andika tarehe kwenye ukuta kwa kalamu, kisha mtafute afisa nyuki wa halmashauri au mrina unayemwamini kabla ya juma hili kwisha. Atakapofika atakuuliza wameingia lini, na wewe utakuwa na jibu.